Mashine Ndogo za Bwana Pamba

Siku Hemedi alipojuana na Dominique, Dominique alimharibia biashara. Ulikuwa mwaka wa 1953. Hemedi, muuza vitambaa wa Kasongo, alikuwa ametoka Samba, kwenye stesheni ya gari la moshi, na kichwa cha treni cha bati kisichozidi urefu wa kiganja, kitu cha kuchezea cha watoto wa Ulaya, alichokipata kwa Mzungu aliyekuwa anafunga masanduku yake arudi kwao. Wafanyabiashara wote wa Kasongo walijua kwamba msimamizi wa kampuni ya pamba, ambaye watu walimwita Bwana Pamba, ananunua vitu hivyo na kuvipanga ukutani. Hemedi akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaenda kwake, akaapa kwamba mashine ile ilitengenezwa kabla ya vita ya kwanza.

Bwana Pamba alimwita boyi wake. Jikoni akatoka Dominique, mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, aproni kiunoni, akaipokea mashine kwa mikono miwili na kuigeuza tumbo juu. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wake, kisha akalizungusha gurudumu karibu na sikio.

"Hii haiko ya kutengenezwa mara ya kwanza, Bwana. Iko ya mara ya tatu," alisema. "Ile ya kwanza waliilehemu kwa risasi, hii bati wamelikunja meno. Na ndoano ya nyuma iko bapa. Ya zamani ilikuwa ya waya."

Hemedi akaonyesha nambari ubavuni, akasema ni ile ile ya zamani.

"Nambari haizeeke, kaka. Kiwanda kinaibandika miaka kumi na tano. Angalia chini."

Hemedi aliondoka na theluthi ya alichokitarajia. Hakukasirika. Mtu anayejua kitu ambacho wewe hukijui, ukimkasirikia unakipoteza mara mbili. Kesho yake alipita nyuma ya nyumba na kipande cha sabuni, akaketi karibu na jiko, akamwacha Dominique aseme.

Dominique alikuwa Mubangubangu kwa kabila, kwao Wamaza. Kabla ya kuwa boyi alitia mafuta mashine kubwa za treni pale Samba kwa miaka sita, na ndiyo maana alizoea kutazama tumbo la kitu kabla ya uso wake. Bwana Pamba alikuwa na vitabu vya viwanda vyenye picha, lakini picha zote zilipigwa ubavuni. Siku moja, akipangusa vumbi, Dominique aliona mbili zimewekwa mahali pasipo pao, akasema. Siku hiyo alijifungia mwenyewe mlango wa kurudi kwao. Tangu hapo, kila Jumapili, alisimama katika chumba kile mpaka jua lizame, mashine sitini na nne mbele yake, akiulizwa hii ya mwaka gani na ile ya mara ya ngapi.

Kila kontra yake, yaani mkataba wa kazi, ilipokaribia kwisha, Bwana aliweka nyingine mezani kabla hajaomba kwenda. Bila kupiga kidole kwenye kontra mpya hapakuwa na karatasi ya njia, na bila karatasi angekamatwa kwenye kivuko cha kwanza. Kutoroka katikati ya kontra kulikuwa jela. Miaka minne ilikwisha hivyo. Mke wake Pascaline alikaa naye mmoja, akarudi Wamaza kuangalia shamba. Sasa kaka zake walikuwa wametuma neno: kama upanzi wa karanga ungemkuta Dominique bado Kasongo, dada yao angepewa mwanaume mwingine, mchimbaji wa Salamabila. Ilibaki miezi miwili.

Alikwisha kuomba mara tatu. Bwana alicheka tu, akamuuliza, akienda, nani atamsomea mashine. Hemedi alimshauri akosee makusudi.

"Nilijaribu," Dominique alisema. "Mudomo ulikataa."

"Basi sikia, ndugu yangu. Huyu hakushike wewe, anashika kichwa chako. Umuachie kichwa, miguu iende Wamaza."

"Nitaachaje? Sijue kuandika."

"Mimi ninajua."

Kweli alijua, kama alivyofundishwa na baba yake: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi za Wazungu alizitambua kwa shida. Lakini kulikuwa na hesabu nyingine ambayo hakumwambia Dominique. Daftari ambalo yeye peke yake anaweza kulisoma lingemfanya Bwana Pamba amhitaji, na anayehitajiwa ndiye anayetaja bei.

Bwana alipokwenda vijijini kupima pamba, waliandika kwa muda wa alasiri tisa. Dominique alishika mashine moja moja na kusema: magurudumu ya madini meupe yanayopasuka kama muhogo mkavu ni ya baadaye, rangi nyekundu chini ya nyeusi, ilipakwa upya, usidanganyike, tundu la ufunguo likiwa kushoto ni ya kwanza, kulia ni ya pili. Hemedi alijaza kurasa arobaini.

Bwana aliporudi walimwekea neno mezani: Dominique aende, Hemedi amsomee mashine kwa daftari. Alimtoa Dominique nje, akachagua mashine tano, akamwambia Hemedi azisome. Hemedi akageuza matumbo, akafungua kurasa, akatoa majibu matano. La mwisho lilichelewa kidogo, lakini lilikuja. Bwana alipekua vitabu vyake kwa muda mrefu. Halafu akatia sahihi karatasi mbili, ya kufunga kontra na ya njia. Dominique alikunja aproni, akaiweka kwenye kiti, akaaga kwa heshima, akaondoka bila kungoja chakula.

Ndipo Bwana akafungua daftari.

"Nani anasoma hii?"

Hemedi alijibu kwa unyenyekevu kwamba ni yeye tu, na kwamba masharti ya kuja kusoma wanaweza kuyazungumza.

"Masharti iko hapa," Bwana alisema, akivuta karatasi nyingine. Ilikuwa ruhusa aliyoiomba Hemedi ya kutandaza vitambaa kwenye masoko ya pamba, bado haijatiwa sahihi. "Utakuja kila siku ya posho, kila Jumamosi, asubuhi mpaka jioni."

Hemedi akasema kwamba, akisomewa, karani wa misheni anaweza kulinakili daftari kwa herufi za Kizungu, kwa siku chache tu.

"Hapana. Daftari haijibu. Mimi nataka mutu wa kujibu."

Dominique alifika Wamaza karanga za mbegu bado zikiwa ghalani. Wafanyabiashara waliotoka huko walisema wamemwona shambani na Pascaline, shemeji zake wakimcheka kwa mikono yake laini ya jikoni. Mshahara ulikwisha, na hakuna Mzungu mwingine aliyemchukua. Mke alibaki naye.

Hemedi alipata nafasi yake kwenye masoko ya pamba. Lakini siku ya posho ndiyo malori ya vitambaa kutoka Kindu yalikuwa yakiingia Kasongo, na kuanzia mwaka ule Atumani, mshindani wake, ndiye aliyeyapokea peke yake, akachagua vitambaa vizuri. Miaka mitatu baadaye Hemedi hakuhitaji tena daftari. Aligeuza kurasa polepole ili Bwana asijue kwamba sasa yote yamo kichwani mwake.