Kitone cha Waya

Habari ilifika kwa mlio wa kengele ya harusi. Dada mkubwa alikuwa amepiga magoti chumbani, sala haijafika amina, simu ikalia: "Waya hatunaye. Ameanguka kazini, moyo umesimama." Aliyeandika ni mjomba. Ukurasa wa familia wa mtandaoni humfikishia kila mtu ujumbe papo hapo, hivyo mama naye, jikoni, aliusoma kabla hajapata wa kumshika mkono.

Mlio aliuchagua marehemu mwenyewe. Waya, kitindamimba wao, alikuwa fundi wa kurasa za mtandao. Jina la utani alilipata utotoni kwa kufumua redio za watu. Ukurasa aliutengeneza kwa ajili ya mama, aliyekuwa hachoki kufungua simu kuangalia kama kuna jipya.

"Usigongegonge mlango, mama," alimwambia. "Huu nimeuacha wazi. Jambo likitokea, seva, ile kompyuta kuu ya ukurasa, itakuita yenyewe."

Ikaita kweli. Msiba mzima ilikuwa: Shangazi ameingia. Shangazi ametoka. Shangazi ameingia.

"Shangazi, unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia," dada aliandika.

"Si mimi, mwanangu, ni mtandao wa huku," shangazi akajibu, akatoka tena.

Hilo lilivumilika. Lililomshinda dada ni mama. Kaburi limeshachimbwa, watu wanangoja nje, naye ameketi sebuleni kaikodolea simu macho. Kando ya jina la Waya kulikuwa na kitone cha kijani.

"Yupo hewani," alisema. "Simziki mtu aliye hewani."

"Mama, si tumemwona sote?"

"Mmemwona nyinyi. Mimi aliniambia kikiwa kijani, yupo."

Dada akampigia rafiki wa Waya wa ofisini, sauti imempanda. Yule akamweleza taratibu: seva hupiga hodi kila baada ya muda mfupi, kompyuta ikiitika, seva huhesabu kwamba mwenye kompyuta yupo.

"Aliye kitini haimjui, dada. Inaijua mashine tu. Atakuwa ameiacha inawaka nyumbani."

"Na hili hakuliona?"

"Aliliona. Alisema atalirekebisha."

"Alisema. Hata bomba langu alisema atalirekebisha."

Akaenda chumbani kwa Waya huku akinung'unika njia nzima. Kompyuta ilikuwa ikivuma katikati ya msitu wa nyaya, pembeni kikombe cha chai iliyoganda utando. Hasira ikamwishia hapo. Akasema, "Mungu akupokee, mdogo wangu," akaizima.

Simu ikalia kwa kengele ileile. Waya ametoka.

Aliporudi alimkuta mama mlangoni, ameshajifunga mtandio. Simu ameiacha juu ya kiti.

"Twendeni," mama alisema.

Walimzika alasiri. Mjomba aliongoza sala, mama akatia udongo wa kwanza, wengine wakafuata. Shangazi alifika kaburi limejaa nusu, akachota konzi yake ya udongo. Dada alimalizia sala aliyoikatisha siku ile, kisha wakarudi nyumbani kwa miguu, mama katikati yao.