Mkasi Mwizi

Mtaani walimwita Profesa, naye hakuwahi kuwasahihisha. Kazi yake hasa ilikuwa kupima damu zahanati. Uprofesa ulikuwa wa gazetini, kipande kifupi cha sayansi kila wiki, ukurasa wa nyuma: kwa nini kitunguu kinaliza, kwa nini chai ikipulizwa hupoa haraka. Sasa mhariri alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno, "Ndugu yangu, vipande vyako vimekauka. Cha wiki hii kisipochangamka, nafasi ile nawapa wauza magodoro."

Masikini, hamu ya kula ikamwisha. Bila kile kipande angebaki mpima damu tu, na nani atamwita mpima damu Profesa?

Alikuwa na kipimo chake, akikiamini kuliko vyote vya zahanati. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea pale pale sebuleni. Profesa alikuwa akisimama nyuma yake na kumsomea kwa sauti. Cherehani ikisimama, basi sentensi imemgusa, inabaki. Ikiendelea kunguruma, sentensi inafutwa bila huruma. Miaka nenda miaka rudi alifanya hivyo, wala hakuona haja ya kumwuliza mwenye cherehani.

Jioni ile akasoma, "Mkasi hauna baridi kushinda meza uliyoilalia. Ni mwizi tu, unakuibia joto la kiganja." Cherehani ikanguruma. Akafuta. "Upitishaji wa joto hutegemea aina ya maada." Kimya. Uso ukamchanua.

"Hiyo imekugusa, eh?"

"Ipi?" Mkewe alikuwa ameinama, kafumba jicho moja. "Uzi umekatika, baba watoto. Nyuzi za siku hizi balaa tupu."

"Kwani ikisimama siku zote huwa ni uzi?"

"Uzi, au sindano. Wewe ulidhani nini?"

Ikabidi amweleze. Mama wa watu alicheka mpaka akaweka kitambaa chini. "Mimi nikisikia neno tamu naongeza mwendo, nisije nikakukatiza. Sasa ile ya mkasi?"

"Nimeifuta."

"Umeifuta! Na ile kwamba mwanga huu wa jua uliondoka kule kwenye jua tulipokuwa bado tunachemsha chai? Niliitafuta gazetini sikuiona. Nikajua mhariri ndiye mbaya wako."

Profesa akakaa kitako. Alijiona mjinga, na kwa hilo hakukosea. Kisha akachukua kalamu, akaurudisha mkasi wake, akaifuta ile ya maada.

Gazeti lilipotoka, mhariri akapiga simu. "Asubuhi nimeshika kitasa cha mlango, nikajikuta nakiambia, mwizi wewe. Magodoro yatasubiri."

Jioni akamsomea mkewe kipande kipya, cherehani ikinguruma, naye hafuti kitu. Katikati uzi ukakatika. Profesa akanyamaza, akasubiri mkewe atunge sindano, ndipo akaendelea.