Nimekuja, Sijakubali

Jina langu nilijifunza kuliandika nikiwa tayari bibi. Shule niliishia darasa la pili, na hata hilo nilikwenda siku za kiangazi tu. Mjukuu wangu ndiye aliyenifundisha, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, mpaka nikaweza bila kunakili. Tangu hapo nikawa natafuta tu pa kuliandika. Hili nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mheshimiwa wetu alipokuja kuomba kura, sisi wa huku Mwaya tulijaa uwanja wa shule, matope yakitufika vifundoni. Akasema, "Mkinichagua, hakuna karatasi ya serikali mtakayofichwa. Ofisi ni yenu. Mkitaka kuona, mtaona." Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Akashinda. Mkutano wake wa kwanza ulihusu soko la kakao. Alisema litajengwa, litajengwa wapi, hakusema. Mwishoni ikapitishwa karatasi. Mtendaji wa kijiji, bwana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, akatangaza, "Ni mahudhurio tu, mama zangu. Ukisaini unachukua soda."

Wenzangu walichovya dole gumba kwenye wino. Jirani yangu, aliyekuwa na mafua hata sauti haimtoki, naye alichovya, akachukua soda ya baridi, nikamkaripia. Mimi, niliyefikiwa wa kwanza, nikaomba kalamu. Niliandika majina yangu yote matatu, makubwa, mpaka aliyenifuata akanung'unika kwamba nimemlia nafasi yake.

Haikupita miezi mingi, nikaenda kwenye jaruba langu la mpunga kando ya mto, lile aliloniachia mama. Nikakuta bikoni za saruji, zile za wapima ardhi, zimesimikwa katikati ya miche. Nilikwenda ofisini hivyo hivyo, na miguu ya matope.

"Bibi, mlikubali wenyewe soko lijengwe pale," mtendaji akasema. "Muhtasari wa mkutano upo, na sahihi zenu zimeambatanishwa."

"Nionyeshe."

"Hizo ni nyaraka za serikali."

"Si mheshimiwa alisema tutaona?"

"Alisema mtaona, bibi. Hakusema lini."

Nilirudi nyumbani najitukana. Mimi huyu, wafinyanzi wa Ikombe wakileta vyungu sokoni, sinunui kimoja bila kukigonga, kukijaza maji na kukichungulia chini. Wauzaji wananijua, wananiita msumbufu. Lakini karatasi ya kuchukua ardhi ya mama yangu sikuigonga hata mara moja. Niliangalia pa kuandika jina tu. Nilimlaumu mheshimiwa, ndiyo, alisema uongo mchana kweupe. Lakini kalamu niliiomba mimi.

Aliporudi kufanya mkutano mwingine, alianza tena maneno ya ofisi yenu, karatasi zenu. Karatasi ya mahudhurio ikanifikia. Nikaikalia.

"Mheshimiwa, ndaga, asante kwa soda," nilisema nikiwa nimekaa. "Hii haiondoki hapa mpaka ile ya zamani isomwe. Mtendaji anayo kwenye faili lake."

Wanawake wakaguna, kisha wakaanza kupiga makofi. Mheshimiwa akatabasamu vile wanavyotabasamu, akamwamuru asome. Mtendaji akasoma, macho chini: wananchi wote waliohudhuria wameridhia kwa kauli moja kutoa eneo la kando ya mto.

"Kauli ipi?" jirani yangu akapaza sauti. "Siku ile hata kukohoa nilishindwa!"

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa nasikia jina langu likisomwa, majina yote matatu, la kwanza kwenye orodha ya walioridhia.

Mheshimiwa akasema jambo hilo atalifuatilia. Mpaka leo analifuatilia. Soko halijajengwa, bikoni hazijang'olewa, na nakala ya ule muhtasari niliyoiomba sijapewa. Kama jaruba litabaki langu, sijui. Kila msimu napandikiza mpunga mpaka ukingoni mwa saruji, kushoto na kulia, kama vile bikoni ni mawe tu.

Mikutano naenda. Mjukuu wangu alinifundisha na kusoma, akaniongezea maneno mawili ya kuandika, kwa mkaa ule ule, na sasa mbele ya jina langu naandika: nimekuja, sijakubali. Wenye kuweka dole gumba hunisubiri niwaandikie na wao, foleni inakuwa ndefu, soda zinapata moto.

"Bibi, nafasi hapo ni ya jina tu," mtendaji hulalamika.

Namwambia alete karatasi kubwa, halafu naanza kwa kuisoma kuanzia juu, polepole, kwa kidole. Yeye anasubiri.