Babu wa Kwenye Ngazi

Mkuu wa shule alijuaje habari za somo nililokuwa nimelifuta?

Chuo kikuu walimtaka kila mmoja wetu awe na jalada la kielektroniki: maandalio ya masomo, picha za zana za kufundishia, na somo moja lililoharibika pamoja na maelezo ya ulichojifunza. Waajiri wakilifungua, mhadhiri alisema, watajua wewe ni mwalimu wa namna gani. Nilimuuliza ni mwajiri gani anayemchukua mtu kwa makosa yake. Akasema nijaze kwanza, ubishi baadaye.

Somo lililoharibika sikulitafuta mbali. Katika mazoezi ya kufundisha Ruangwa nilichora ubaoni mkulima juu ya ngazi, akichuma korosho. Mimi ni mtoto wa watumishi waliohamishiwa Nachingwea; korosho nilizijua zikiwa zimeshakaangwa. Darasa liliinakili picha kwa adabu, mpaka msichana mmoja wa kijiji cha Nandagala aliponyoosha mkono.

"Madamu, huyo babu mshushe. Korosho haichumwi, inaokotwa."

Dada mwenye duka la steshenari Nachingwea ndiye aliyenichapia jalada lote. Nilipomaliza chuo niliomba kazi katika shule moja ya binafsi Ruangwa, na niliitaka kuliko nilivyokubali kusema. Kwa hiyo nikamwambia alifute somo la ngazi kabla ya kuchoma CD. Akauliza kama nina hakika. Nikajibu kwamba hilo ndilo jambo pekee duniani nililo na hakika nalo. Akabonyeza, likatoweka mbele ya macho yangu, nami nikaenda kunywa chai wakati CD ikichomwa.

Siku ya usaili, mkuu wa shule alikuwa ameshaivua kompyuta yake kitambaa cha kufumwa na kuitazama CD. Vyeti hakuvigusa.

"Yule babu wa kwenye ngazi," alisema, "ulimshushaje?"

Nikasema ukweli: nilimpa yule binti chaki, nikaenda kukaa kwenye dawati lake, na kipindi kilichobaki akatufundisha yeye. Mkuu akacheka mpaka akavua miwani. Jumatatu nilianza kazi.

Kwa miaka mingi niliamini ni kompyuta iliyokataa kufuta. Kumbe yule dada wa steshenari, kama alivyokuja kunieleza siku moja nikitoa kopi za mitihani dukani kwake, alilirudisha somo nilipotoka tu mlangoni. Kazi za wanachuo wengine alizichapa bila kujua zinasema nini. Ile yangu aliisoma mara mbili, kisha akampigia simu mama yake kijijini Chiola, aliyekuwa shambani anaokota korosho, akamsomea.