Mbu Waliokula kwa Shangazi

Shangazi yangu huwalisha mbu damu yake mwenyewe, tena kwa hiari. Ndiyo kazi yake. Maabara yao hufuga mbu wasio na ugonjwa wowote, naye huingiza mkono kwenye kizimba cha wavu huku akipiga soga. Mumewe humtania, "Mimi nahangaika kuchomekea chandarua, mwenzangu unawaandalia meza."

Walikuwa wakitafuta dawa ya kuzuia vimeng'enya vinavyosaga damu tumboni mwa mbu. Damu isiposagwa, jike hapati cha kutengenezea mayai. Shangazi aliivalia njuga kazi hiyo tangu malaria ilipomchukua kifungua mimba wake.

Hatimaye mbu walionyweshwa dawa kwenye maji ya sukari, kisha wakala kwa shangazi, walikutwa chali wote. Wa kizimba cha pili, wasiopewa dawa na waliokula kwa mwenzake wa maabara, waliruka kama kawaida. Maabara nzima ilipiga vigelegele. Mkuu wao akakimbilia ofisini kuandika tangazo.

Shangazi akabaki kwenye darubini. Nyumbani hakati kitunguu bila kujikata kidole, lakini mikono hiyohiyo huchomoa tumbo la mbu likiwa zima. Alipasua la kwanza, akakuta damu nyeusi tii. La pili vilevile. Nyeusi maana yake imeshasagwa. Vimeng'enya vilikuwa vimefanya kazi barabara, dawa haikuvigusa. Sasa nini kiliwaua?

Ndipo alipokumbuka dawa ya minyoo tuliyomeza nyumbani wiki ile, familia nzima, naye akiwemo. Ilikuwa aina inayoua hata wadudu, na mbu walikuwa wameinywa ndani ya damu yake.

Angeweza kunyamaza. Aliniambia alitamani sana, na mimi namwamini. Alifuta macho, akaenda kugonga mlango wa mkuu.

"Mkuu, usitangaze. Ni damu yangu iliyowaua, si dawa yetu."

Jaribio likarudiwa kwa mkono wa mwenzake. Mbu wakala, wakashiba, wakataga bila wasiwasi. Dawa ikatupwa.

Dawa ya minyoo ilipokwisha kumtoka mwilini, nilimkuta jikoni akijikuna mkono. Alikuwa ameshaanza kulisha mbu wa dawa nyingine. Nilijivunia kuwa damu yake, ingawa nilichoweza kusema ni, "Pole, shangazi."

"Pole ya nini? Kuna mama angeiamini ile dawa," alisema, "akamlaza mwanawe bila chandarua."