Saa Tisa ya Mama Mchanga

Pale ofisi ya maji walimwita Mama Mchanga kwa ajili ya mtoto wake wa miezi mitano. Shangazi wa usafi alikuwa na maelezo yake: ni kwa sababu anakanyagwa na kila mtu na hasemi neno. Mwenyewe alicheka tu, akaendelea kupiga chapa.

Alikuwa na ruhusa moja pale kazini, na aliitunza kama yai. Wenzake walitoka saa kumi jioni. Yeye alitoka saa tisa, akamnyonyeshe mtoto. Ikikaribia saa tisa hakuhitaji kutazama ukutani, kifua chenyewe kilimkumbusha. Na nyumbani alijua mama mkwe ameshauzunguka ua mara kumi, mjukuu begani, akimwimbia kwamba mama yuko njiani.

Jumatatu moja, mchana, Bosi alimwita. Mezani palikuwa na karatasi ya mahudhurio, ile inayotoka kwenye kompyuta ya mapokezi, ambako kila mtu hubonyeza namba yake akiingia na akitoka.

"Mama, nilikupa saa moja, wewe umejikatia na nyongeza. Tazama. Alhamisi umetoka saa nane na nusu. Ijumaa saa nane na dakika ishirini. Ijumaa hii karatasi zinakwenda makao makuu. Wakiona haya, ruhusa yako inakwenda na maji."

"Nilitoka saa tisa, Bosi."

"Mashine haina shoga wala shemeji. Haimwonei mtu."

Mama Mchanga aliisogeza karatasi kwake. Machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa kuisoma. Macho yakateremka hadi safu ya kuingia, yakakaa hapo.

"Bosi, hapa wanasema Ijumaa niliingia saa moja na dakika kumi na mbili."

"Vizuri. Kuwahi si kosa."

"Lakini lango linafunguliwa saa moja na nusu. Niliruka ukuta, na mkoba wangu?"

Bosi akaivuta karatasi. Akapitisha kidole kwenye mistari ya wengine, ambayo hakuwa ameisoma, kwa kuwa mwenye ruhusa ndiye anayetazamwa. Ofisi nzima ilikuwa imeruka ukuta.

"Haya," alisema kwa sauti ya chini kidogo. "Nitafutie ni nini. Una mpaka Ijumaa."

Siku ile, kabla ya kuondoka, Mama Mchanga alisimama katikati ya saa ya ukutani na ile ndogo ya pembeni mwa kioo cha kompyuta, akaandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana: kompyuta imebaki nyuma saa nzima na dakika ishirini. Jumanne asubuhi akaandika tena: saa nzima na nusu. Saa tisa alasiri akatazama, bado saa nzima na nusu. Mchana haikupotea hata dakika. Inasinzia usiku, akawaza, afadhali yake, kwangu hakuna anayesinzia.

Akamfuata Shangazi penye ndoo zake.

"Shangazi, jioni ukimaliza, ile mashine unaiachaje?"

"Naichomoa kwenye soketi, mwanangu. Moto ulioniunguzia jiko hautaniunguzia na ofisi ya watu."

Akampelekea Bosi habari hiyo, na Jumatano asubuhi fundi wa kompyuta alikuja. Akalifungua kasha, akapuliza vumbi mpaka Shangazi akaguna, akachomoa kijibetri cha mviringo, kama kifungo cha koti.

"Hiki ndicho kinachokesha umeme ukichomolewa," alisema. "Kimechoka. Saa haifi, inajikokota tu. Chomoeni mtakavyo, nikiweka kipya haitasinzia."

Akaweka kipya, akafunga skrubu, simu yake ikaita, akaondoka na maneno mdomoni: saa warekebishe wenyewe. Bosi akaketi, akajishika kiuno, akavisogeza vidole kwenye kibodi kama mpiga kinanda.

"Saa ngapi?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kioo.

Mama Mchanga akatazama ukutani. "Saa mbili na nusu."

Bosi akabonyeza mbili, akabonyeza thelathini, akapiga makofi. Kazi imekwisha.

Na kweli ilionekana imekwisha. Alhamisi ilipofika saa tatu, kompyuta ilionyesha tatu. Saa tisa, tisa. Hakuna aliyelalamika, mtu alitazama pembeni mwa kioo, akaona kile kile ambacho mdomo wake ungesema, akaridhika.

Ijumaa, saa tisa kasoro robo, Mama Mchanga akaichapa karatasi ya kupeleka makao makuu. Akausoma mstari wake wa jana. Kuingia, 01:52. Kutoka, 09:00. Akasoma mara ya pili. Akaenda nayo mlangoni kwa Bosi.

"Bosi, samahani. Makao makuu watasoma kwamba nimeingia kazini usiku wa manane, nikaondoka saa tatu asubuhi."

"Nani kasema?"

"Mashine. Isiyo na shoga wala shemeji."

Bosi akaitwaa karatasi. Akaisoma. Kisha masikio yake yakaanza kuiva.

"Wewe ndiye uliyeniambia saa mbili!"

"Nilisema saa mbili, Bosi. Sikusema tuandike mbili. Kwa mashine, inayohesabu tangu usiku wa manane, ilikuwa nane."

Kutoka koridoni Shangazi akaangusha ufagio kwa kicheko. "Sasa naelewa kwa nini nimechoka, kumbe nafagia tangu usiku!" Bosi naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Aliitengeneza saa mwenyewe, polepole, akihesabu kwa vidole. Kisha akachukua kalamu, akaandika barua ya makao makuu kwa mkono wake: saa ilikuwa mbovu, na aliyeirekebisha vibaya ni yeye; mpiga chapa alitimiza muda wake kila siku, na ruhusa yake ibaki kama ilivyo. Akatia sahihi, akamsukumia aisome. Mama Mchanga aliisoma taratibu, neno kwa neno, na pale kwenye "ibaki" akasoma tena.

Alipoinua uso, Bosi alikuwa anamtazama.

"Saa tisa imeshapita. Unangoja nini? Mtoto analia huko."

"Imepita kwa saa ipi, Bosi?"

"Ondoka!" alisema Bosi, huku akicheka.

Mama Mchanga alikwisha kushika mkoba. Blauzi yake ilikuwa imeanza kulowa kifuani.