Gauni la Hariri Bandarini Bukoba

Hii aibu yangu nimeificha miaka mingi, lakini kwa kuwa mmenibana niwaambie kwa nini sivai hariri, haya, chekeni mkimaliza mnipe chai.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi msichana wa Kibeta, kiherehere tele. Kulikuwa na Zakaria wa Rubafu, karani wa kahawa, mpole, akicheka macho yanafumba (mpaka leo nayaona). Siku moja tunatoka kanisani akaninong'oneza, "Kesho nakwenda Kampala kutafuta kazi. Meli ikianza kuondoka, ukiniinulia mikono yote miwili nitajua umenikubali, nitarudi na wazee kwa baba yako. Usipoinua, sitakusumbua tena." Mimi badala ya kujibu nikakimbia kwa haya, na moyo umeshasema ndiyo muda mrefu!

Sasa nivae nini? Nikakumbuka gauni la hariri, jeupe kama maziwa, ambalo mama alipewa na mke wa mmisionari alipokuwa mpishi wao. Zuri, ila kwapani lilikuwa na madoa ya jasho la zamani, ya njano, yamekauka kingo. Mama akasema, "Vaa lile la pamba la Jumapili. Au hilo hilo, ushushe mikono, nani atakuchungulia kwapa?" Nishushe mikono! Angejua!

Nikasugua limau na chumvi, doa likageuka kahawia. Hasira zikanipanda, nikachukua maji ya jivu la maganda ya ndizi, yale makali tunayofulia mablanketi, nikayapaka kwapani nikaacha mpaka asubuhi. Waitu, jamani! Doa halipo! Kitambaa kilikuwa kimelainika ajabu, chepesi kama ganda la kitunguu, lakini nani ana muda wa kushika-shika kitambaa siku ya mapenzi? Nikapiga pasi, nikamchukua binamu yangu Anna, niliyemwambia siri yote, tukashuka bandarini.

Watu wamejaa. Zakaria yuko juu melini, kofia mkononi, ananitazama mimi tu. Honi ikalia, nikainua mkono wa kulia, nikasikia praaa! kutoka kwapani mpaka kiunoni, na kabla sijashangaa wa kushoto nao, haujafika hata begani, praaa! Mama mmoja muuza senene akapaza sauti, "We binti, mbavu zinapunga upepo!" Wapagazi wakaangua kicheko, nami nikabana mikono kama kuku aliyenyeshewa.

"Inua!" Anna akanisukuma.

"Siwezi, niko uchi!"

"Inua, waitu, anaondoka!"

Nikamwona Zakaria akingoja. Meli inajitenga na gati, yeye bado anangoja, nami natazama chini nimejikumbatia, nalia. Nilipoinua uso alikuwa anavaa kofia yake polepole, akageuka. Hapo aibu ikanitoka yote, nikanyoosha mikono yote miwili juu, makwapa nje, gauni linaning'inia, nikapunga na kuita jina lake mpaka sauti ikakauka, watu wakacheka mpaka wakachoka. Alikuwa ameshaingia ndani.

Mama aliponifungulia mlango, Anna akamweleza yote, wala hakunigombeza. Alinifunika kanga yake akasema, "Mwanangu, si ungempungia na madoa yako."

Mume niliyempata baadaye alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, sina neno naye. Ila niliapa: hariri sivai tena, nguo ya zamani naivaa na doa lake, na anayetaka kuchungulia kwapa langu achungulie mpaka atosheke.

Mwaka mmoja baada ya siku ile ya bandarini, kijana mmoja alirudi kutoka Kampala, akatuambia Zakaria ameoa huko, na kwamba akiulizwa kwa nini harudi kwao husema kuna msichana wa Kibeta alimkataa mbele ya mji mzima. Nilikuwa namenya ndizi, nikaendelea kumenya. Jamani, sikumkataa. Nilimtaka mno, na bado namkumbuka.